Jumamosi ya Sanaa Dar es Salaam: Somo Dogo kwa Walimu Watarajiwa

Wanachuo wenzangu, ukiwaambia wenzako wa chumbani kwamba Jumamosi unaenda mjini kuangalia sanaa, watakuuliza mambo mawili: kiingilio bei gani, na huko unanunua nini. Makala haya yatajibu yote mawili. Yataongeza na swali la tatu ambalo halina wa kuliuliza: ukishafika mbele ya picha, sanamu au kinyago, unafanya nini? Maana kusimama, kupiga selfi na kuondoka hata mtoto wa chekechea anaweza.

Naandika kama mwanafunzi wa ualimu, na nawalenga zaidi wenzangu wa ualimu. Ila wewe wa uhandisi au sheria usifunge gazeti, njia ni hiyohiyo na nauli ni ileile.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Historia kidato cha kwanza, shule ya kata, mbali kabisa na Dar. Mada ilikuwa vyanzo vya historia. Wanafunzi walikuwa wanavijua kwa kichwa: masimulizi ya mdomo, maandishi, nyaraka, makumbusho, akiolojia. Nikauliza makumbusho ni nini. Darasa zima likanijibu kwa Kiingereza, kwa pamoja, sentensi ileile ya kwenye notsi, bila kukosea hata neno moja. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umeshawahi kuingia humo?"

Nikamwambia nimeingia.

"Kuna nini?"

Nikaanza kusimulia: fuvu la kale, magari ya zamani ya viongozi, kumbi zenye baridi, mlinzi anayekukataza kugusa. Kengele ikalia tukiwa bado kwenye maswali, na wengine wakanifuata mpaka mlangoni mwa ofisi. Hawakuwa watoto wagumu wa kuelewa. Walikuwa wamepewa neno bila kitu chake, na hakuna aliyewaonyesha kwamba neno lile lina mlango, na mlango una watu wanaoingia.

Sasa fikiria idadi yetu. Kila mwaka tunatoka vyuoni kwa mamia kwenda kufundisha, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, una somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi. Hata sisi wa sekondari tutakutana na sanaa ndani ya Historia na Kiswahili. John Dewey, yule tunayemkariri kila semista kwa ajili ya mtihani wa misingi ya elimu, aliandika kitabu kizima kuhusu sanaa mwaka 1934. Hoja yake kubwa ni kwamba sanaa inakamilika pale mtu anapokutana nayo na kuipitia yeye mwenyewe. Kwa lugha yetu, kazi ya sanaa haidesiki. Ukimpa mwenzako notsi zako za kuhusu kinyago, umempa notsi, kinyago bado hajakiona.

Kifaa cha kubeba: hatua nne

Kabla ya kupanda gari, weka kichwani hatua hizi nne. Zilipangwa na Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, na zinatumika sana katika ufundishaji wa sanaa:

1. Kueleza: naona nini? Taja vitu tu, bila kusema kizuri au kibaya.
2. Kuchambua: kimepangwaje na kimetengenezwaje? Rangi, mstari, ukubwa, nafasi iliyoachwa wazi, zana iliyotumika.
3. Kufasiri: kinasema nini, kwa nani, na kwa nini wakati ule?
4. Kutoa hukumu: kimefanikiwa? Kwa ushahidi gani?

Wengi wetu tukifika tunaanzia hatua ya nne. "Nzuri." "Mbona kama mtoto kachora." Hapo mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Kwa hiyo tutatembea jiji kwa mpangilio wa hatua hizi, kila kituo na hatua yake.

Kituo cha kwanza: Askari, mtaa wa Samora (kueleza)

Panda mwendokasi Ubungo, shuka mjini, uliza Posta Mpya. Pale katikati ya mzunguko kuna sanamu ya Askari. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi wa kukufukuza, na wengi tumepita pembeni yake tukikimbilia daladala. Leo simama dakika tano. Andika unachokiona tu: mwanamume wa shaba nyeusi, amevaa sare, ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imechomoza kuelekea bandarini. Chini kuna jiwe la kusimamia. Zunguka. Utakuta maandishi kwa namna tatu: Kiingereza, Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Ukishaeleza, ndipo taarifa zinapata mahali pa kukaa. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeifinyanga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kabla yake, mahali hapohapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Jina la Kariakoo nalo linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo, Carrier Corps. Kumbe soko lenyewe nalo ni kumbukumbu ya vita, ingawa leo tunalijua kwa simu na viatu.

Swali la kuondoka nalo: kwa nini maandishi ya Kiswahili yaliwekwa kwa herufi za aina mbili? Ukijibu vizuri utakuwa umejua wasomaji wa Dar es Salaam ya mwaka 1927 walikuwa watu gani na walisomea wapi, shule au chuo cha Korani. Umefanya historia bila kufungua kitabu.

Kituo cha pili: Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert

Kutoka Askari ni mwendo wa miguu, dakika kama kumi, kuelekea upande wa Bustani ya Mimea. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, yakiwa na jina la mfalme George V wa Uingereza. Jengo lile la zamani bado lipo, na nyuma yake kuna majengo mapya yenye kumbi za maonyesho. Beba kitambulisho cha chuo na uulize mlangoni bei ya mwanafunzi Mtanzania. Usisome bei ya mgeni ukakata tamaa getini.

Makumbusho ni makubwa, na kosa la wageni wengi ni kutaka kuona yote. Chagua vitu viwili. Mimi nashauri cha kwanza kiwe fuvu la Zinjanthropus, lililofukuliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, la miaka takribani milioni 1 na laki 7 na nusu. Muulize mhudumu: hiki kilichopo mbele yangu ni chenyewe au ni nakala? Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayejua kutazama, na mhudumu akisikia ukiuliza hivyo atajua hukuja kupunga upepo. Atakueleza mengi kuliko kibao.

Cha pili kichague mwenyewe katika ukumbi wowote wa sanaa au utamaduni. Kabla hujasoma kibao, angalia dakika tatu kwa saa. Dakika ya kwanza utachoka. Ya pili utaanza kuona vitu vidogo, mpasuko uliozibwa, mahali pa mkono palipong'aa kwa kushikwa. Ya tatu utakuwa na swali. Sasa soma kibao uone kama kimekujibu.

Kama una siku nyingine, nenda na Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, karibu na stendi ya daladala inayoitwa kwa jina hilohilo. Pale zipo nyumba za jadi za makabila mbalimbali, za msonge na za tembe, na unaingia ndani kabisa. Wengi wetu tunaisikia stendi kila siku kwa makondakta bila kujiuliza makumbusho yenyewe yako wapi.

Kituo cha tatu: Tingatinga, Oysterbay (kuchambua)

Kutoka mjini chukua daladala ya Masaki, mwambie konda akushushe Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Hapa ndipo ilipoanza picha ambayo dunia nzima inaiita ya Kitanzania. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi za mikono huku na huko, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za maduka ya sanaa. Alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani gari alilokuwamo ni la majambazi, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Jamaa zake na vijana aliowafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachofanya kazi mpaka leo palepale.

Hapa tufanye hatua ya pili. Lalamiko la kawaida ni kwamba "Tingatinga zote zinafanana, wanakopi tu." Usikubali wala usikatae, chambua. Tafuta picha mbili za mnyama mmoja, tuseme chui, za wachoraji wawili tofauti. Linganisha yafuatayo: mandharinyuma yamepakwa rangi moja au yamefifizwa kutoka rangi moja hadi nyingine? Mnyama amejaza ubao au ameachiwa hewa? Madoa yamewekwa moja moja au kwa mistari? Miguu imetazamwa kutoka upande gani? Baada ya dakika kumi utaanza kujua mkono wa nani ni upi, kama unavyojua mwandiko wa rafiki yako.

Ndiyo, kurudia kupo, kwa sababu picha zinauzwa na watalii wanataka kile walichokiona kwa jirani. Lakini mafunzo ya pale ni ya kukaa na fundi na kurudia mpaka mkono ukae sawa, kama vile mtoto wa madrasa anavyorudia herufi. Mwalimu mtarajiwa, jiulize hapo: kurudia kunamfunza mtu mpaka wapi, na kunaanza kumfunga wapi? Swali hilo ni la darasani kwetu vilevile. Binti wa dawati la nyuma alikuwa ameirudia ile sentensi ya Kiingereza mara ngapi kabla hajauliza kuna nini ndani?

Kituo cha nne: Mwenge kwa wachongaji (kufasiri)

Mwenge ni karibu na chuo, unaweza kuanzia au kumalizia hapo. Utasikia tezo kabla hujaona vibanda. Wachongaji wengi wana asili ya Umakonde, kusini mwa nchi na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji.

Kuna mitindo miwili ambayo lazima uitofautishe. Wa kwanza huitwa ujamaa au mti wa uzima: watu wengi wamepandana na kushikana kuuzunguka mti mmoja, kila mmoja amembeba mwingine. Wa pili ni shetani: viumbe vyenye macho yaliyotoka, viungo vilivyovutwa, mdomo mahali pasipotarajiwa. Hapa ndipo hatua ya tatu inapohitajika. Ujamaa wa watu waliobebana unasema nini kuhusu ukoo? Jina la ujamaa lilipata uzito gani wakati nchi nzima ilikuwa ikihubiriwa Ujamaa? Na kwa nini jamii ichonge mashetani, na kuyachonga mengine yakichekesha?

Usijifasirie peke yako. Muulize mchongaji. Mimi nilimkuta mzee mmoja kivulini, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta zawadi?"

"Hapana, mzee. Mimi mwanafunzi, nimekuja kujifunza. Hela ya kununua leo sina."

"Umesema ukweli, kaa hapo."

Akanionyesha gogo la mpingo: nje weupe wa manjano, ndani weusi. Akanipa nilibebe, nikashangaa uzito wake. Mpingo ukiutupia majini unazama. "Wapo wanaochonga mti mwingine wakapaka dawa ya viatu," akasema. "Wewe nyanyua kwanza. Kikiwa chepesi, rudisha." Kisha akanionyesha kinyago kilichopasuka begani. Mti ulikauka haraka, akasema, ndiyo maana hamalizi kazi kwa siku moja hata mteja akimharakisha. Nilipomuuliza shetani wake anamaanisha nini, alicheka. "Huyu ni jirani yangu wa zamani. Alikuwa mlafi." Nusu saa ile nilijifunza malighafi, soko na utani wa mtaani, yote kutoka kinywani mwa mwenye kazi.

Adabu mbili za kuzingatia. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na usiulize bei ya kitu usichokusudia kununua, ukaanza kuvutana mpaka mtu akashuka, halafu ukaondoka. Ile ni riziki ya mtu.

Kituo cha tano: Nafasi Art Space, Mikocheni (kutoa hukumu)

Nafasi ipo tangu 2008, eneo la viwanda vidogo Mikocheni. Studio zake nyingi ni makontena ya mizigo, na wasanii unawakuta wakifanya kazi humo. Kuna ukumbi wa maonyesho yanayobadilika, na kuna mafunzo kwa wasanii vijana. Angalia ratiba kabla hujaenda.

Hapa hakuna simba wala twiga wa kukusaidia. Unaweza kukuta video, mabaki ya chuma, nguo zilizoning'inizwa. Ndipo mtu anaposema "hii nayo sanaa?" Swali ni halali, mradi ulijibu. Pita hatua tatu za kwanza kwa uaminifu, halafu sema msimamo wako na ushahidi: "Nadhani haijafanikiwa, kwa sababu wazo liko kwenye maelezo ya ukutani tu, kwenye kazi yenyewe silioni." Hiyo ni hukumu. Msanii akiwa jirani, mwambie kwa heshima. Mimi nimeona wengi wao wakifurahia mgeni mwenye swali kuliko mgeni mwenye sifa.

Nini tutapoteza

Dar ilikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. George Lilanga, ambaye kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, alianza pale kama mlinzi kabla hajawa msanii wa nyumba hiyo. Jengo lake la katikati ya mji lilibomolewa, leo huwezi kwenda. Na Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza, aliwahi kufundisha sanaa hapa Mlimani. Mchoro wake mmoja uko katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Waulize wenzako kumi kantini kama wamewahi kulisikia jina hilo, halafu hesabu.

Mahali pa sanaa panaishi kwa watu wanaoingia. Tukiwaachia watalii peke yao, wachoraji watachora anachotaka mtalii, na siku watalii wasipokuja, kiwanja kitapata mnunuzi mwingine. Hakuna wa kumlaumu hapo kama sisi wenyewe tulikuwa tunapita tu nje kwa daladala.

Kwa mtakaopangwa mbali na Dar

Najua wengi hatutapangwa mjini. Hatua nne hazihitaji jengo. Chukua khanga: eleza pindo, mji na jina, chambua rangi zilivyogawanywa, fasiri jina limeelekezwa kwa nani, toa hukumu kama mchoro na maneno vinasaidiana. Fanya hivyo kwa mkeka, kwa kikapu, kwa picha iliyochorwa ukuta wa kinyozi. Kisha waambie wanafunzi walete kitu kimoja kutoka nyumbani, wakipange juu ya madawati, kila kimoja na kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili: ni nini, kimetengenezwa na nani, lini, kwa kazi gani. Kipindi cha dakika 80 kinatosha. Darasa lenu limekuwa makumbusho, na atakayeulizwa mtihani makumbusho ni nini atakuwa amewahi kuwa mhifadhi wake.

Zoezi la Jumamosi

Usifanye vituo vyote siku moja, utachoka na utaanza kuona vitu vyote sawa. Jumamosi ya kwanza: Askari na Makumbusho. Ya pili: Oysterbay, Mikocheni, umalizie Mwenge urudi chuo. Beba daftari, kalamu, maji, kitambulisho na nauli ya kurudi. Chagua kazi moja tu kati ya zote ulizoona, uiandikie maneno 200 kwa kufuata hatua nne, kwa Kiswahili. Ukifika hatua ya nne na bado huna uhakika, panda gari urudi ukaitazame tena. Wengine tumerudi mara tatu kwa kinyago kimoja, na mzee wa Mwenge bado ananiuliza hela ya kununua nitapata lini.